Mwanamke wa Theluji na Malango ya Maji

Uvumi ulimkuta Mama Chiriku saluni, kichwa kimeinamia beseni, povu limemjaa kisogoni. Msusi alikuwa akimsugua huku akisimulia. Kuna mtoto, alisema, nyumba za kule nyuma, alicheza magemu mpaka siku moja akaitwa kula, akaitikia kwa sauti ya mashine. Mama yake mzazi alimmwagia maji baridi usoni, mtoto akamtazama kama mtu anavyomtazama mpita njia, akaitikia tena vilevile, sauti ya bati. Mteja wa kiti cha pili akadakia kwamba alivyosikia yeye, mtoto huyo ni msichana, na kwamba amemsahau hadi shangazi yake. Aliyekuwa mlangoni akisubiri zamu akasema la, ni mvulana, na si magemu yote yanayofanya hivyo, ni yale ya kuua watu.

Kila kinywa kilitia chumvi yake. Mama Chiriku alilijua hilo, si mtoto mdogo. Hata hivyo alitoka pale na nywele safi na moyo mchafu. Lisemwalo lipo, alijisemea njiani, na kama halipo laja. Maana na kwake gemu lilikuwemo, na mtoto alikuwemo.

Alikuwa fundi cherehani. Sebule yake ndiyo ilikuwa karakana yake: cherehani dirishani penye mwanga, meza ya kukatia katikati, na pembeni, juu ya stuli iliyofunikwa kitambaa, tivii. Wateja walivulia viatu mlangoni, wakapimwa, wakajaribu nguo nyuma ya pazia. Baba wa nyumba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na ndiye aliyempa binti yao jina la Chiriku, kwa sababu alipokuwa mchanga aliamka akipayuka kabla hata ya ndege. Jina lilibaki, ila kupayuka kuliisha. Alipoanza shule kigugumizi kilimkamata. Neno lilifika kooni likagoma, kama uzi uliochanuka ncha unavyogoma kuingia kwenye tundu la sindano, unausukuma, unajikunja. Sasa alikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi na alikuwa amejifunza kuishi kwa maneno mafupi. Ndiyo. Sawa. Bado. Dukani alinyoosha kidole.

Gemu lililetwa na mjomba wake, mdogo wake Mama Chiriku, fundi wa redio na simu ambaye mtaa mzima ulimwita Soketi, kwa kuwa tangu utotoni vidole vyake havikutoka kwenye matundu ya umeme. Alileta mashine iliyokwishatumika aliyoifufua mwenyewe, na kadi moja ya gemu, ndogo kama kifungo cha koti. Humo ndani ya kadi ndimo gemu lilimokaa, na humohumo ndimo yalimohifadhiwa yote mchezaji aliyoyajenga.

Na gemu lenyewe, kwa sura, lilikuwa bure kabisa. Nyumba zake vibweta vya mraba. Watu wake kama punje za mchele. Mto ni utepe wa buluu uliokatwa na mtu mwenye haraka. Hakuna wimbo, hakuna sura ya mtu, hakuna anayekwambia ufanye nini. Unapewa bonde, mto na mawe kidogo. Watu wanakuja kuishi kwako. Kisha mvua inanyesha huko juu usikokuona, na maji yanashuka. Yanakwenda pale mifereji yako inapoyapeleka, wala hayana kubembelezwa. Ukikosea lango moja, umezama. Chiriku na mjomba wake walizamisha miji mingi kabla ya kuusimamisha mmoja uliodumu, na huo, tangu likizo iliyopita, waliuita Mji tu, kama vile duniani hakuna mwingine.

Mchana mmoja baada ya uvumi ule, Mama Chiriku alikuwa amepiga magoti akimwekea mteja pini kiunoni. Kwenye mkeka, mbele ya tivii, mjomba na mpwa walikuwa wameinama. Ghafla sauti ya Chiriku ikapaa.

"Mtaa wa chini uache uzame. Funga lango la juu, mjomba, wazame hao, tuokoe ghala la nafaka."

Mteja aligeuka na pini zake. "Fundi," akasema taratibu, "huyo mwanao anamzamisha nani?"

Mama Chiriku alicheka kicheko cha kufunika aibu, akasema ni mchezo tu wa watoto. Lakini pini aliyoichomeka baada ya hapo ilikwenda kombo. Wazame hao. Mtoto aliyemzaa yeye, asiyeweza hata kuchinja kuku, anasema wazame hao, na hapepesi hata jicho. Usiku huo hakuota kitu kingine ila sauti ya bati.

Dawa ilitoka palepale ulipotoka ugonjwa. Msusi alimwambia asihangaike, magemu si ya aina moja. Kuna ya kihuni na kuna ya heshima. Binti yake mkubwa alikuwa na moja zuri ajabu, ameshalimaliza, linakaa tu. Ni kama sinema, alisema, unaona hadi vinyweleo vya shingoni. Wabadilishane kadi, basi, kila mtu afaidike. Mama Chiriku hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Chiriku akiwa shule, aliichomoa kadi ya Mji, akaifunga kwenye kipande cha bitana, kitambaa cha ndani ya nguo, akaipeleka saluni mwenyewe.

Tuseme kweli: gemu lile jipya lilikuwa zuri. Lilihusu mwanamke anayepanda mlima wa theluji kumtafuta mwanawe aliyepotea. Pumzi ilimtoka kama moshi. Upepo ulimpeperusha ushungi, na Mama Chiriku, ambaye vitambaa ndiyo maisha yake, aliona jinsi ushungi ule ulivyokunjika na kukunjuka na akatikisa kichwa kwa heshima. Aliyeuchora alikijua kitambaa. Muziki ulipanda taratibu pale mwanamke alipookota kiatu cha mtoto kwenye barafu. Mguu wa Mama Chiriku ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. Alilia, akajifuta kwa gauni la mteja, ikabidi alifue tena.

Chiriku, aliyeambiwa tu kwamba kadi zimebadilishwa, alikaa mkekani ameshika padi, kidude cha vitufe cha kuchezea. Ishara ikiwaka kwenye kioo, alibonyeza. Mwanamke akaruka ufa. Ishara nyingine, akabonyeza, mwanamke akaukwepa mwamba. Kelele zikaisha nyumbani. Hakuna aliyezamishwa tena. Wateja walisifu, wengine wakaomba kiti wakae kidogo watazame, na Mama Chiriku alimshukuru msusi mbele za watu. Soketi alipopita, dada yake alimwambia kwa upole kwamba kwa sasa amwache mtoto apumzike na mambo yake ya mafuriko. Soketi alitazama mwanamke wa theluji kwa muda, akasema picha ni kali kweli, akaenda zake.

Nyumba ilitulia. Ikatulia mno, ila mtu aliyezoea kelele akipata kimya hukionea utamu kwanza, hakiulizi kimetoka wapi.

Baba alipopiga simu kutoka safarini, Chiriku, ambaye zamani alijitahidi kumwambia walau habari za Mji, sasa alipokea simu, akasikiliza, akamrudishia mama. Baba aliuliza kama mtoto anaumwa. Haumwi, mama akajibu, amekua tu. Kisha shule ikawaletea wazazi habari. Wa darasa la mwisho wote wangesimama, mmoja mmoja, mbele ya walimu na wazazi, kila mmoja aeleze kwa maneno yake kitu anachokijua vizuri. Mwalimu wa darasa alikuwa amempa Chiriku nafasi ya kuandika badala ya kusema, na Chiriku, mwanzoni mwa muhula, alikataa. Alisema ataeleza malango ya maji. Sasa alikuwa amemfuata mwalimu mwenyewe na kuomba aandike. Mwalimu alimwita Mama Chiriku pembeni, si kwa lawama. Alimwambia kwamba mtoto akishazoea kujificha nyuma ya karatasi, huko aendako kwenye shule kubwa hakuna atakayemtoa. Watamsahau pale nyuma, na yeye atashukuru kusahauliwa. Mama ajaribu kuzungumza naye kabla ya siku hiyo.

Mama alijaribu. Chiriku alisema, "Sawa." Ilikuwa ni ile sawa yake isiyofungua mlango wowote.

Siku chache baadaye mvua ilianza mchana, mvua ya ghafla isiyopiga hodi. Mama Chiriku alikuwa katikati ya mkono wa koti, hawezi kunyanyuka, akamwambia mwanawe akimbilie nguo kwenye kamba. Chiriku aliweka padi mkekani akatoka. Mama aliendelea kushona huku jicho moja liko kwenye tivii, kama mazoea yake. Mwanamke wa theluji alikuwa akitembea. Akafika pangoni, akawasha moto, akaimba wimbo aliokuwa akimwimbia mwanawe. Akaongea na mzee mmoja. Wakabishana, wakapatana. Akatoka, akapanda, upepo ukamwangusha, akaamka. Mama Chiriku alikuwa ameshamaliza mkono mmoja wa koti na anaanza wa pili ndipo alipogutuka kwamba padi ipo chini, haina mtu. Kule uani Chiriku alikuwa ameanua nguo zote, amezikunja barazani moja moja, soksi kwa soksi. Aliingia, akaweka rundo kitini, akainama, akabonyeza kitufe kimoja kwa kidole gumba. Mwanamke akaruka ufa.

"Kumbe hata usipokuwepo linaendelea?" mama akauliza.

Chiriku alipandisha bega. "Li-li-linaonyesha tu, mama."

Mama Chiriku aliuondoa mguu kwenye cherehani. Katika kazi yake, mteja akileta nguo ya dukani na kuisifu, yeye humpa pole kimoyomoyo na kuigeuza ndani nje kabla ya kusema neno. Nje kila mtu anaweza kupiga pasi. Ndani ndiko unakoona kama mshono umepigwa vizuri au umebandikwa tu. Na gemu hili, tangu siku lilipoingia nyumbani kwake, alikuwa amelitazama nje tu, akalilia, akalisifu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maneno hayo yeye ndiye aliyempa mwanawe, tena mara ngapi, kuhusu marafiki wa kujipamba.

Akampigia Soketi aje.

Soketi alikuja na koti limelowa, akakaa kwenye ukingo wa meza ya kukatia, akafukuzwa, akakaa chini. Mama Chiriku alimsimulia, lakini alisimulia kwa ubishi, kama mtu anayetaka kuambiwa hajakosea. Alisema hata kama linajiendesha, lina mafunzo. Lina upendo wa mama na mtoto. Lile lingine lina nini, vibweta na maji. Hili limemliza yeye mtu mzima, lile limemliza nani?

Soketi hakulikashifu la theluji. Alisema kupendeza si dhambi, na yapo magemu yenye sura na yenye undani kwa pamoja, ni kutafuta tu. Hata hili angelitazama mwenyewe akiwa amechoka, kama anavyotazama sinema. "Ila dada," akasema, "aliyetengeneza hili ameshalicheza yeye mwenyewe mpaka mwisho. Wewe umealikwa umfuate nyuma umshikie pochi. Akikwambia shika, shika. Akikwambia lia, lia. Lile la maji halikwambii kitu. Lazima ufikiri, na ukishafikiri ujibizane na mwenzako, na maji yakija ndipo mnajua nani alikuwa mjinga."

"Kwa hiyo mtoto azamishe watu ndiyo afikiri?"

Soketi alikuna kichwa. "Siku ile mbele ya mteja wako, ulimsikia Chiriku alivyosema?"

"Nilimsikia vizuri sana. Anataka watu wazame."

"Sikuulizi alichosema. Nakuuliza alivyosema."

Mama Chiriku alirudisha sauti ile kichwani, neno kwa neno, kama anayepitisha mshono vidoleni akitafuta pale ulipoachia. Mtaa wa chini uache uzame. Funga lango la juu, mjomba. Aliyapitia yote mpaka kwenye ghala la nafaka. Hapakuwa na neno lililokwama. Hata moja. Mtoto wake alikuwa amesema sentensi ndefu kuliko zote alizozisema nyumbani mwaka mzima, mbele ya mgeni, bila kusita, na yeye mama yake alikuwa amesikia maiti tu.

Soketi alisema haikuwa hivyo kila siku. Kuna siku alikwama vibaya. Ila kwenye Mji hakuwa na nafasi ya kuona haya. Maji yanakuja, lazima mjomba aambiwe afunge lango gani, basi anasema. Akikwama anasukuma mpaka litoke. "Nilidhani unajua," akasema. "Nilidhani ndiyo maana ulikuwa unatuvumilia na kelele zetu."

Mvua haikuwa imekatika sawasawa, lakini Mama Chiriku alijitupia kanga kichwani akaenda saluni.

Msusi alimpokea kwa furaha, akadhani amekuja kusuka. Alipoelezwa, aliita ndani, na binti yake mkubwa akatoka na kadi ileile, bado ina kipande cha bitana. Hakukuwa na shida yoyote, chukua tu. Ila, msusi akaongeza akichana nywele za mtu, kulikuwa na kamji fulani humo ndani, binti alikafuta ili aanze kake, halafu akaona gumu, halina hata picha, akaacha. Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayesema amefagia makombo. Mama Chiriku angemlaumu kwa lipi? Kadi aliitoa yeye kwa mkono wake, kwa tabasamu. Alishukuru akatoka. Njiani alisimama chini ya upenu wa duka lililofungwa, akaifungua bitana, akaitazama kadi kama vile mji unaweza kuonekana kwa macho. Maji yakimwagika hayazoleki.

Alimkuta Chiriku uani anasugua viatu vya shule. Alifikiri amwambie kesho, au amwachie Soketi amwambie. Kisha akachuchumaa mbele yake na kumwambia yote kwa mfuatano: saluni, uvumi, kadi, binti wa msusi, Mji. Hakujitetea. Chiriku hakuacha kusugua. Alisugua kiatu kilekile, pale pale, povu likawa jeusi. Mama alisubiri. Alijua akisema neno lingine lolote sasa atakuwa anajisaidia yeye.

"Ha-ha-ha," Chiriku akaanza, neno likamkwama. Zamani angeacha. Hakuacha. "Hata hukuniuliza."

Akaendelea na viatu.

Ilipita siku nzima ya kimya kingine, ambacho hakikuwa na utamu wowote. Kesho yake, Chiriku aliporudi shule, alikuta cherehani imefunikwa, pazia la wateja limefungwa, na mama yake amekaa mkekani mbele ya tivii ameshika padi kichwa chini miguu juu. Bonde tupu lilikuwa kwenye kioo, na utepe wa mto.

Mama alisema anataka kufundishwa. Chiriku alisimama mlangoni na begi mgongoni kwa kitambo, kisha akaja akaigeuza padi mikononi mwa mama yake, akakaa. Si karibu sana.

Mji wa kwanza wa Mama Chiriku ulikuwa mzuri. Alipanga nyumba zote ukingoni mwa mto, moja baada ya nyingine, nafasi sawasawa, kama vifungo. Alijisifu hata. Mvua ikanyesha huko juu, na mji ukaondoka na vifungo vyake vyote. Wa pili aliusogeza nyuma kidogo, ukaondoka kidogo. Kwenye wa tatu alichimba mfereji, na kwa kuwa mkono wake haujui kupinda, aliupiga mnyoofu kutoka juu hadi chini. Maji yaliingia mle yakashuka kama lori lisilo na breki, yakabeba kinu cha maji pamoja na watu wake wa punje ya mchele waliokuwa wakifanya kazi humo.

Kitu kilisikika. Mama aligeuka. Chiriku alikuwa anacheka, mkono mdomoni, mabega yanamtikisika.

"We-we-wewe mama," akasema, "unayapa maji ba-barabara ya lami. Upinde. Upinde mara nyingi, yachoke. Na hapa we-weka lango, halafu lingine hapa, ukifungua hili fu-funga lile. Na usijenge kinu pale, kila mtu anajua maji yakizidi yanapita pale."

"Kila mtu nani? Mimi sijui."

"Ndiyo nakwambia sasa."

Alikuwa amesogea. Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa mama yake, unavuta kidole kwenye kitufe. Kigugumizi hakikuondoka, tusidanganyane. Kilikuwepo, kilikaba neno hili na lile. Ila Chiriku hakukipisha njia. Alikwama, akasukuma, akaendelea, maana mama yake alikuwa mwanafunzi mbaya na mawingu yalikuwa yanakusanyika huko juu. Alizungumza mpaka chakula kikachelewa.

Siku iliyofuata, walipofika pale ambapo maji yalizidi malango yote, mama aliuliza kama hapo ndipo watu wanapozamishwa. Chiriku alimtazama kwa mshangao wa kweli. Watu hawazamishwi, alieleza. Unaona mawingu, unawapandisha kwanza mlimani, na ghala unalilinda ili wapate cha kula wakirudi. Unachoachia maji ni nyumba tupu. Hao wa kuzama ni vibanda.

"Na ulisema wazame hao mbele ya mteja wangu."

"Sa-sa-sasa vibanda niviite nani?"

Mama Chiriku aliiweka padi mapajani. Alikuwa amemwogopa mwanawe kwa kitu ambacho neno moja la kuuliza lingekimaliza. Na la theluji, lile lililomtoa machozi, halikuwa limemwomba mtoto aokoe mtu yeyote. Lilimwomba abonyeze.

Alimuuliza Chiriku kama yeye aliwahi kulilia. Chiriku alisema ndiyo, mara ya kwanza, pale kwenye kiatu. Mara ya pili alijua kiatu kinakuja. Halikuwa baya, alisema. Lilikuwa limeisha tu kabla yeye hajafika.

Wiki hiyohiyo alimwambia mwalimu kwamba ile karatasi hataihitaji.

Siku ya maelezo, wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwanafunzi mmoja alieleza ufugaji wa njiwa, mwingine kuziba pancha. Chiriku aliposimama, alianza vizuri. Alisema mvua hainyeshi mahali ulipo, inanyesha mahali usipopaona, na ndiyo maana watu wanazama wakiwa wamekauka. Watu wakanyanyua vichwa. Kisha akafika kwenye bonde, na neno bonde likagoma. Likagoma kabisa. Mzazi mmoja akakohoa. Mwingine, kwa wema wake, akamnong'onezea neno analodhani analitafuta, na halikuwa lenyewe. Mama Chiriku, pale nyuma, alikuwa nalo ulimini. Lilimwasha. Alibana midomo mpaka ikauma. Chiriku aliinua kiganja kuwaomba wasubiri, akaangalia ukuta wa mbali, akasubiri yeye mwenyewe bila kuinamisha uso, na neno likaja. Akaendelea. Alikwama tena mara kadhaa, akafanya vilevile. Mwalimu mkuu aliuliza kwa nini mtaa wa chini uachiwe maji badala ya kuulinda wote, na Chiriku akamjibu kwa kirefu, hata ikabidi akumbushwe kwamba kuna wenzake wanasubiri.

Njiani kurudi alikuwa bado hajaridhika na jibu lake. Alitaka kujua kama mama anaona ghala lingeweza kuhamishwa mlimani tangu mwanzo, basi mtaa wa chini ukaokoka. Mama alisema mlimani ni mbali, watu watachoka kubeba. Chiriku alisema watazoea. Mama akasema hujawahi kubeba gunia wewe. Walibishana hivyo mpaka mlangoni, na mteja aliyekuwa akisubiri barazani na kitambaa chake mkononi ilibidi asubiri zaidi.

Kwa hiyo, wewe mwenye mtoto nyumbani, jihadhari na haya:

Usichague gemu la mtoto kwa kulitazama umesimama mlangoni. Kaa chini, shika padi, ushindwe.

Usilipende gemu kwa kuwa limekuliza wewe.

Usiliogope kwa kuwa lina sura mbaya au lina kelele.

Usimletee mtoto neno la saluni kama hukumu kabla hujamuuliza mwenyewe.

Usitoe, usibadilishe, usifute kitu alichokijenga mtoto pasipo yeye kujua.

Usiseme nyumba imetulia kabla hujajua kilichonyamaza ni nini.

Usimmalizie neno mtoto aliyekwama. Hata kama unalijua.

Usimwache acheze peke yake siku zote, hata liwe gemu zuri namna gani.

Usimwache nalo mpaka usiku. Hata la maji. Chakula kikiiva, padi chini.